Tupeane uzoefu: ndege wageni wa demani, wewe umewaona wapi?

Kijana wa Chwaka
Asalaam aleikum ndugu zangu. Upepo wa kusi umelegea, ndiyo demani hii, na jana maji yalipokupwa nimemsikia sululu wa kwanza mwaka huu. Alikuwa mmoja tu, upande wa mikoko, anapiga ule mluzi wake wa mfululizo. Nilisimama nikasahau ndoo ya kaa. Amezaliwa huko kaskazini ya mbali, kisha kaja mpaka Chwaka kuchokoa kaa kwa domo lake lililopinda! Marehemu babu hakusoma skuli, lakini akimsikia sululu hujua demani imeingia. Mwenye kisa chake akilete: ndege gani, wapi, na maji yalikuwaje.

Bi Mwani, Paje
Mwanangu, mimi nalima mwani, hao tunashinda nao. Kuna wale wadogo wanaokimbiakimbia, chamchanga. Mwezi wa nane huja wengine wana wekundu kama kutu tumboni, ukifika wa kumi na moja wote weupe na kijivu. Miaka na miaka nikidhani ni ndege wawili. Mjukuu wangu ndiye aliyenambia ule wekundu ni manyoya ya kuzalia, huyapukutisha wakishafika huku.

Mpemba wa Wete
Changu kinaniuma mpaka leo. Kuna yule mweupe, mgongo mweusi, domo nene jeusi, mla kaa. Huzaa pwani za Uarabuni, anachimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu. Basi siku ya bamvua, maji makubwa, nilimwona mmoja na mwanawe wa kijivu nyuma yake, analialia, mzazi anamkatia kaa na kumpa. Safari yote ile, na bado anamlisha! Nikataka picha, nikasogeza ngalawa. Ndege wote wa lile fungu la mchanga wakaruka, mamia. Maji yamejaa, mafungu mengine yote yamezama, wakawa wanazunguka hawana pa kutua. Nilirudi nyuma, nikangoja mbali sana, hata nikawaona wanashuka kidogo kidogo. Yule mtoto sikumtambua tena.

Wa Mjini
Mimi keremkerem, Cheju, juu ya nyaya kando ya mabonde ya mpunga. Wanaruka, wanadaka kereng'ende, wanarudi palepale.

Kijana wa Chwaka
Ahsanteni. Bi Mwani, hilo la kutu nitalitazama kwa macho yangu. Ndugu yangu wa Wete, umetufaa kulisema. Maji yakijaa ndio saa yao ya kupumzika, hawana pengine pa kusimama. Mimi hukaa chini ya mkoko maji yakiwa ndio yanaanza kujaa, nimetulia tu, na bahari yenyewe inawasukuma mpaka karibu yangu. Pemba kuna mtu mwengine aliyewaona hao wala kaa na watoto wao? Nataka kujua wanalishwa mpaka mwezi gani.