Waliokwisha pima saratani ya mlango wa kizazi, Unguja na Pemba: tupeane uzoefu

Bint Konde: Assalaam alaykum kina mama. Shangazi yangu yuko Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, anapigwa mionzi. Damu ilimrudia hali hedhi imeshakoma, akanyamaza kwa haya. Mliopima semeni mlichofanyiwa, wengine tunaogopa tusichokijua.

Mama Wawili, Wete: Mie nilipima siku ya kliniki ya mtoto. Nesi anaingiza kifaa cha kufungulia, anapaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, anangoja dakika moja hivi. Panapogeuka weupe pana mashaka. Mie palionekana, wakanichoma papo hapo kwa kifaa cha moto. Tumbo liliuma kama la hedhi, basi. Kilichonisumbua ni majimaji baadaye, na kukatazwa tendo la ndoa mwezi mzima. Mwambieni mume mapema.

Ukhti wa Mwera: Mie nilipimwa HPV, kirusi kinacholeta saratani hii. Jibu lilitoka ninacho, mume akauliza nimekitoa wapi. Nililia sana.

Nesi Mkoani: Pole sana ukhti. Kirusi hicho huambukizwa kwa kujamiiana, na wengi hukipata wakati fulani maishani. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka 2, lakini chaweza kukaa kimya miaka mingi, hata tangu ndoa iliyopita, yako au yake. Hakithibitishi zinaa. Majibu haya yatolewe na mtu wa kukaa na mke na mume akawaeleza. Kumkabidhi mama karatasi tu ni kumdhulumu.

Sisi wapimaji wenyewe tunabishana. Siki ni rahisi, jibu hapo hapo, lakini inategemea jicho: wawili wataangalia mlango mmoja wasikubaliane. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha HPV, kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Mwenye VVU aanze 25, arudie kila miaka 3 hadi 5. Wenzangu wanasema ni ghali, na jibu likichelewa mama wa kijijini harudi. Kweli. Lakini hiki unajichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba, nyuma ya pazia, hakuna wa kukutazama. Kwa wanawake wetu mie nakitaka hicho.

Bi Mkubwa, Chake: Mwanangu, nina miaka 52, sijapima kamwe. Siki yanifaa?

Nesi Mkoani: Shikamoo bibi. Hedhi ikishakoma, sehemu tunayoitafuta huwa imeingia ndani, siki haiioni vizuri. Ulizia HPV. Ila kama unatoka damu, usingoje zamu ya kupima, nenda kwa daktari kesho asubuhi.

Bi Mkubwa, Chake: Marahaba. Natoka kidogo. Nitakwenda na binti yangu.