Kamera za mkanda na lenzi za zumu (zile za kuvuta picha karibu): tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Juzi nimefungua sanduku la marehemu mzee nikakuta Zenit-E yake, kitu cha Mrusi, nzito kama jiwe la kusagia. Mshale wa kupimia mwanga bado unacheza, na haijawahi kuonja betri.

Kisa changu ni cha 1991, harusi ya dada, Tanga. Nimepewa kamera na mkanda wa picha 36. Napiga, navuta mkono wa kamera wa kusogezea mkanda, napiga. Hesabu ikapita 36 na mkono bado unavuta laini, nikajiona fundi, mkanda wangu unazaa! Nyumbani nafungua, mkanda haukushika kwenye roli, umejikalia ndani ya kopo lake vilevile. Harusi nzima, hata picha moja. Dada hajasahau mpaka leo. Mzee mmoja wa studio ndiye aliyenifundisha: ukivuta mkono, tazama kile kifundo cha kurudishia mkanda, kushoto. Kisipozunguka, unapiga hewa.

Nanyi leteni vyenu.

Kiuno cha Nyigu:
Zumu yangu ya kwanza ilikuwa Nikkor 43-86 ya Nikon (yaani inavuta kutoka milimita 43, picha pana, hadi 86, karibu), toleo la zamani, mtumba wa Nairobi. Ilitoka 1963, miaka minne baada ya Wajerumani wa Voigtländer kuleta zumu yao, Zoomar 36-82. Niliringa nayo mpaka nilipopiga picha ya ghorofa. Kwenye 43 kuta zimefura kama pipa, ukivuta 86 zimebonyea ndani kama kiuno. Mwenye jengo akauliza kama kuta zilizopinda nimeziona mimi peke yangu. Kwa sura za watu lakini, naitetea.

Mpira wa Baiskeli:
Yangu ilikuwa ya kusukuma na kuvuta, pete moja kwa zumu na fokasi (kunoa picha). Ikazeeka, ikalegea. Ukiinamisha kamera, lenzi inajishukia yenyewe, taratibu, na wewe unachungulia humohumo. Mahafali nilipiga nikiwa roshani, kila mhitimu kakatwa kofia. Dawa yake nilikata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakivisha penye mwungano. Kimekaa miaka tisa.

Bibi wa Pwani:
Nyie mna bahati. Mimi niliifungia lenzi kwenye mkoba wake wa ngozi, Mombasa, msimu mzima wa masika. Kuitoa, kuvu limetanda kwenye kioo cha ndani kama utando wa buibui. Ngozi inashika unyevu jamani, msiweke humo! Tafuteni vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu, na kopo lenye mfuniko unaobana.

Mgeni:
Mimi sina kamera. Nilipeleka mkanda kusafishwa, wiki mbili baadaye nikapewa picha za msiba wa watu. Bado ninazo, sijui pa kuzipeleka.

Mwanzisha mada:
@Mgeni umeniua 😂 Wakuu, leo nimepakia mkanda kwenye Zenit. Kifundo kinazunguka. Nimeshapiga 11, na ya kwanza nimempiga dada.