Fremu ya stendi au cherehani ya kutarizi kwa mshona kofia mwenye baridi yabisi?

UziMweupe (Pemba):
Assalamu alaykum. Naomba ushauri kabla pesa haijatoka. Nashona kofia za viua kwa mkono tangu usichana, na sasa vidole vinaniuma. Mwanangu amesema atanunua kitu kimoja tu: ama fremu ya mbao yenye stendi, ile inayokushikia kitambaa, ama cherehani ya umeme ya kutarizi. Nina oda ya kofia za harusi na sitaki kuirudisha. Nichukue kipi?

Subira_Tanga:
Wa alaykum salaam bibie. Mbona hujatueleza kitu? Mkono mmoja au yote miwili? Unaumia ukiishika sindano, ukiivuta, au ukitoboa vitundu? Hospitali wamesemaje? Harusi yenyewe lini? Bila hayo kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

FundiWaDarajani:
Mie nasema cherehani, sina haja ya kuuliza zaidi. Unachagua ua, unakaza kitambaa, mashine inafanya kazi. Mkono wako unabaki wa kuongoza tu. Kofia inayokula miezi mkononi unaimaliza siku hiyo hiyo, na oda haikutii presha.

MwanaLamu:
Fundi, hapo hatuelewani. Aliyeagiza kofia za viua kwa harusi hataki kofia ya mashine. Kila kitundu cha kofia ya mkono kinatobolewa na kuzungushiwa uzi ukingoni, ndiyo maana kichwa kinapata hewa na kofia inafuliwa, inatiwa wanga, inapigwa pasi miaka na miaka. Hizi za mashine zinazojaa sokoni nyingi zina ua la juu juu, tundu hakuna. Dada, chukua fremu. Huku Lamu sisi wanaume tunashona, na wazee wetu wenye mikono mibovu wanaendelea. Wanapaka uzi nta upite bila kukwaruza, na wanavuta sindano kwa kipande cha mpira wa puto. Kubana kwa vidole ndiko kunakoumiza gumba. Mpira ukishika sindano, huna haja ya kubana kwa nguvu.

FundiWaDarajani:
Sijasema kofia ya mkono haina thamani. Nasema mtu anaumwa.

UziMweupe:
Subira, samahani kwa kuwachosha. Ni mikono yote miwili. Fundo za vidole, zile za katikati na za kwenye kiganja, zimevimba na zina moto. Asubuhi siwezi kufunga kitufe, vidole vinakaza mpaka jua limepanda. Kituoni waliniambia ni baridi yabisi, wakanipa vidonge vya maumivu. Harusi ni baada ya mfungo.

TibaYaViungo:
Mama, shikamoo. Nafanya kazi ya mazoezi ya viungo, na maelezo haya yanabadilisha swali lako. Watu wanaita kila maumivu ya viungo baridi yabisi, lakini kuna gegedu (ule utelezi mgumu unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) kulika kwa umri na kuna kinga ya mwili kushambulia viungo vyenyewe. Gegedu likilika, mara nyingi panapouma ni shina la gumba na fundo za karibu na kucha, na ukakavu wa asubuhi hupungua ndani ya nusu saa hivi. Uvimbe wa pande zote mbili, wenye moto, na ukakavu wa saa nzima au zaidi unanielekeza kwenye ule wa pili. Huo hauponi kwa panadoli, na ukiachwa unapinda vidole moja kwa moja. Nenda hospitali kubwa wakupime damu na wakuangalie viungo. Dawa inayotumika sana ni methotrexate, na humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, chini ya uangalizi na vipimo vya damu. Mpaka hapo, loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kushona, na usisubiri maumivu ndiyo upumzike. Kwa kifaa, naona fremu, kwa sababu mkono wa kushoto hautabana kitambaa kutwa.

BintiWaMwera:
Naomba mnisikilize na hili, kwa sababu nina hakika atapelekewa. Mamangu alikuwa na mikono kama hiyo. Jirani akamletea unga wa "mitishamba" kwenye kifuko kisichoandikwa kitu. Wallahi, siku chache tu akasimama, akapika, akachukua sindano, sote tukashukuru. Tukamnunulia mwingine, na mwingine. Uso ukaanza kujaa ukawa duara, miguu ikavimba, sukari ikapanda na hakuwahi kuwa nayo. Muuzaji alipopotea unga ukakatika ghafla, mama akaanguka jikoni. Daktari alituambia dalili zile ni za steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, na kuna watu wanazisaga wakazichanganya kwenye majani. Alichukua muda mrefu kutulia. Kwa hiyo dada UziMweupe, dawa ya kifuko inayoondoa maumivu usiku mmoja, ikatae hata kama anayeileta unampenda.

Subira_Tanga:
Pole sana kwa mama. Hili lingewekwa juu kabisa.

Nipo_Muscat:
Niseme neno kuhusu kofia. Huku Oman kumma, yaani kofia yao ya kutarizi kama hizi zenu, ikishonwa kwa mkono bado inathaminiwa, na Waomani waliorudi kutoka Zanzibar ndio waliokuja na ufundi huo. Mteja anaigeuza ndani kwanza kuangalia mafundo kabla hajauliza bei. MwanaLamu anasema kweli.

MwanaLamu:
Basi nyinyi mnaolipa vizuri, waleteeni mafundi oda moja kwa moja. Anayekaa na sindano anapata kidogo kuliko anayesafirisha.

Nipo_Muscat:
Hilo silipingi. Ila wengi hawana picha za kazi zao, tunawapataje?

UziMweupe:
Ahsanteni, Mungu awalipe. Nitakwenda kupima kwanza. Oda nafikiri nigawe: shemeji yangu atoboe na kushona pembeni, mie nishone duara la juu. Fremu ya stendi sijaiona dukani, seremala anaweza kuitengeneza? Na cherehani mwanangu bado anaitaka, anasema itamfaa mkewe.

FundiWaDarajani:
Seremala anaweza. Mwambie aweke skrubu kubwa ya kufunga kwa kiganja, si ya kubana kwa vidole, na stendi ilale kidogo upande wako ili usiinue bega.

Subira_Tanga:
Na mie niulize hapo hapo: kastabini ya ngozi inapatikana wapi? Ya chuma haiingii tena kwenye kidole changu cha kati.