3x − 4y = 20 kwenda y = mx + c: alama zinageukaje?

Kidato2_Moro
Habari wakuu. Swali linataka 3x − 4y = 20 iandikwe katika umbo la y = mx + c (m ni mteremko, c ni pale mstari unapokata mhimili wa y). Jibu la kitabu ni y = ¾x − 5. 3x ikihama inakuwa −3x, sasa chanya imerudije? Na 20 imekuwaje hasi 5?

Mwl_Hisabati
Angalia −4 iliyo mbele ya y, jibu liko hapo. Toa 3x pande zote mbili:

−4y = −3x + 20

y bado imezidishwa kwa −4, kwa hiyo gawanya kila kipande kwa −4, pamoja na hiyo alama ya hasi:

−3x ÷ −4 = ¾x
20 ÷ −4 = −5

Wengi hugawanya kipande cha x tu, wanapata y = ¾x + 20. Wengine hugawanya kwa 4 na kuishia −y = −¾x + 5, kisha wanasoma mteremko ni −¾. Mpaka y ibaki peke yake na iwe chanya, m haisomeki.

Hakiki kwa x = 4: y = 3 − 5 = −2. Rudisha mwanzoni: 3(4) − 4(−2) = 12 + 8 = 20. Imekubali. Kwenye grafu, anzia (0, −5), nenda kulia 4, panda 3, unafika (4, −2), nukta ileile.

Kipimapembe
Nyongeza: mlinganyo ukiwa na sehemu, kama x/3 + y/2 = 1, usikimbilie kuhamisha. KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 3 na 2 ni 6. Zidisha kila kipande kwa 6, hata ile 1 ya kulia, maana ndiyo inayosahaulika.

2x + 3y = 6
3y = −2x + 6
y = −⅔x + 2

Na x iandike pembeni ya sehemu, katikati. Ikishuka chini inasomeka kama imo kwenye asili, na huo ni mlinganyo mwingine kabisa.

Kidato2_Moro
Nimeelewa, asanteni sana. Na x = 7 je?

Mwl_Hisabati
Hiyo haiandikiki hivyo. Ni mstari wima: x haibadiliki, na mteremko ungedai kugawanya kwa 0. Usiichanganye na y = −2, ambayo iko tayari: m = 0, c = −2. Ukikuta y = mx + b kwenye tovuti za Marekani, b hiyo ndiyo c yetu.