Mnaofundisha watu "osha, jaza mfuko, tupia friza" mnawaozeshea nyama yao

Wakuu,

Kila sikukuu zikikaribia, watu wakianza kuchangia ng'ombe au kwenda machinjioni Vingunguti, Dar, kuchukua paja zima kwa bei ya jumla, mafundisho ni yaleyale: osha nyama itakate, jaza kwenye mfuko mkubwa, tupia friza, mtakula mpaka Pasaka. Wiki chache baadaye mtu anatoa nyama inanuka, kingo zimekauka na kuwa za kijivu, ikibandikwa jikoni inatoa maji tele na kubaki makambakamba. Lawama zinaenda kwa friza, kwa muuza bucha, kwa umeme. Nyama hiyo iliharibika siku ya kwanza kabisa, na walioiharibu ni nyie mnaogawa maelekezo nusunusu kwa watu waliojinyima miezi kadhaa kupata hizo kilo.

Tuanze na hilo la kujaza. Friza ya nyumbani kazi yake kubwa ni kutunza kilichokwisha kuganda. Kugandisha kitu kipya inaweza, ila kwa kiasi kidogo. Angalieni kibandiko cha nyuma au cha ubavuni, kuna namba ya kilo kwa saa 24. Kama kimefutika, kadirieni kilo 1 hadi 1.5 kwa kila lita 28 za nafasi. Yaani friza ya lita 200 inabeba kilo 7 hadi 10 mpya kwa siku, si zaidi. Halafu mtu anaambiwa atumbukize kilo 40 kwa mkupuo, tena ndani ya kiroba kimoja! Nje panaganda, katikati panabaki na uvuguvugu siku nzima au zaidi, na bakteria wanazaliana kwa raha zao kati ya nyuzijoto 5 na 60. Baadaye katikati nako kunaganda. Kuganda hakuwaui bakteria, kunawasimamisha tu. Siku ukiyeyusha, wanaendelea walipoishia. Na lile joto la kilo 40 limeshalainisha hata vilivyokuwemo friza kabla.

Kwa hiyo kama nyama ni nyingi kuliko uwezo wa friza, gawanyeni kwa siku. Zinazosubiri zikae kwenye friji yenye nyuzi 0 hadi 4, au kwenye deli (boksi la kutunzia baridi) lenye barafu ya kutosha juu na chini, nyama ikiwa ndani ya mifuko ili isiogelee kwenye maji ya barafu. Friza yenyewe iwekwe kwenye baridi kali kabisa tangu jana yake. Ikishaganda yote, rudisheni kidude cha kupangia baridi mahali pake, lakini ndani pasipande juu ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kipimajoto cha friza ni kitu kidogo na kinaokoa hela nyingi.

Sasa kuosha. Nani aliwaambia nyama inayokwenda friza inaoshwa? Maji yanabaki juu ya nyama na kwenye mikunjo, yanageuka barafu, vipande vinagandamana, na matone ya sinki yanasambaza uchafu kwenye vyombo vingine. Nyama haiwi salama kwa maji ya bomba, inakuwa salama kwa moto. Kama ina vumbi la mfupa au nyasi, kwangua kwa mgongo wa kisu, kisha futa kwa karatasi safi ya jikoni mpaka iwe kavu. Anayetaka kuosha aoshe siku ya kupika.

Kingine hakisemwi kabisa: mbuzi anachinjwa nyumbani saa nne, saa sita nyama iko friza bado inacheza. Msishangae ikiwa ngumu kama raba. Misuli ikigandishwa kabla haijakakamaa na kulegea yenyewe, siku ya kuyeyuka inajikunja kwa nguvu, na hapo hata ukichemsha saa tatu hupati kitu. Kwanza isubiri mahali penye ubaridi wa kawaida mpaka joto la mwili litoke, kisha ikae kwenye friji mpaka kesho yake, ndipo igandishwe. Ng'ombe aliyechinjwa usiku ukanunua asubuhi, paja lake bado lina joto ndani karibu na mfupa, kwa hiyo nalo lipumzike kwenye friji kabla ya friza.

Halafu ufungaji, ambao ndio unaoniudhi kuliko yote. Adui wa nyama iliyoganda ni hewa. Hewa ya friza ni kavu, inanyonya barafu iliyo kwenye uso wa nyama ikageuka mvuke bila hata kupitia maji. Ndiyo yale mabaka ya kijivu. Hayana sumu, ukiyakata unaweza kula kilichobaki, lakini ladha imekwenda na mafuta yameanza kuchacha. Sasa angalieni watu wanafungia nini! Mifuko mbadala ya kitambaa, iliyoingia sokoni baada ya Tanzania Bara kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019. Ile inapitisha hewa, na nyuzi zake zinagandana na nyama. Wengine wanatumia mifuko myeusi ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya chakula. Wengine vile vifungashio vyepesi vya sokoni, ambavyo vikipata baridi vinapasuka ukivigusa. Na kuna wauzaji wanavinadi kuwa "vya friza" bila aibu.

Inavyotakiwa ni hivi. Pima kiasi cha mlo mmoja, nusu kilo au kilo moja, usizidishe, kwa sababu ukishayeyusha umeyeyusha. Panga vipande viwe bapa, unene wa sentimita 2 hadi 3. Unene ukiongezeka mara mbili, muda wa kuganda unakaribia kuongezeka mara nne, na nyama inayoganda polepole inatengeneza chembe kubwa za barafu zinazopasua nyama kwa ndani. Yale maji mekundu yanayobaki kwenye bakuli ukiyeyusha yanatokana na hilo. Si damu, ni utamu wa nyama unaoumwaga. Zungushia nailoni laini ya jikoni, ile inayonata, ishike nyama pande zote bila kuacha mifuko ya hewa. Kisha tia kwenye mfuko mzito wa zipu uliotengenezwa kwa ajili ya friza. Kutoa hewa hakuhitaji mashine: acha zipu wazi kidogo pembeni, zamisha mfuko taratibu kwenye beseni la maji mpaka karibu na mdomo, maji yatasukuma hewa itoke, funga hapohapo, ufute nje. Nyama ya kusaga itandaze kama kitabu chembamba, halafu bonyeza mistari kwa mgongo wa kisu juu ya mfuko, siku nyingine unavunja kipande unachotaka.

Nyama ya mifupa ni kesi yake. Bucha nyingi bado zinakata kwa shoka juu ya gogo. Mfupa unachongoka, unatoboa nailoni na mfuko, hewa inaingia, na vibanzi vinajificha ndani ya nyama. Ombeni ikatwe kwa msumeno wa umeme kama upo. Kama haupo, ncha zote zifunikwe kwanza kwa karatasi ya kuokea iliyokunjwa mara mbili au foili, ndipo nailoni ifuate. Foili peke yake haitoshi, inachanika.

Andikeni kwa maka peni kwenye tepu: kipande gani, kilo ngapi, tarehe gani. Bandikeni kabla mfuko haujapata baridi, la sivyo tepu haishiki. Kwenye friza ya kulala, pangeni mifuko iguse kuta, maana mabomba ya baridi mara nyingi yamo humo, safu moja, hewa ipite katikati. Kurundika ni baada ya saa 24.

Kwa ubora, nyama ya kusaga na maini yasizidi miezi 3 hadi 4. Vipande vya ng'ombe miezi 6 mpaka 12, mbuzi miezi 6 hadi 9.

Kuyeyusha ni ndani ya friji, tangu usiku wa kuamkia siku ya kupika. Ukiwa na haraka, mfuko ufungwe vizuri uzamishwe kwenye maji baridi yanayobadilishwa kila dakika 30, na ikitoka hapo ipikwe. Kuiacha mezani usiku kucha kwenye joto la Dar ni kualika maradhi ya tumbo.

NYONGEZA kwa mnaouliza kuhusu umeme kukatika: msifungue friza "kuangalia". Iliyojaa inashikilia baridi kama saa 48 ikiwa imefungwa, iliyojaa nusu kama saa 24. Umeme ukirudi, nyama yenye barafu bado ndani inaweza kugandishwa tena, ubora utapungua kidogo. Iliyolainika kabisa na kukaa zaidi ya saa 2 kwenye joto, tupeni hata kama hainuki. Na wekeni friji gadi (kifaa cha kuikinga friza na umeme usiotulia), kwa sababu umeme ukirudi kwa kishindo kompresa ndiyo inayoumia.

Utumbo: safisha, chemsha kabisa, upoe kwenye friji, kata, ndipo ugandishe. Usigandishe mbichi pamoja na nyama nyingine.