Tupeane uzoefu: simu imemfundisha nini mgonjwa wako kuhusu dawa zake?

Wakuu naanza mimi. Mzee ana presha na sukari, nikamwekea alamu kwenye simu nikajiona nimemaliza. Kumbe bwana ikilia anaizima, "nameza sasa hivi", jioni akikumbuka anapiga dozi mbili kufidia ya asubuhi!! Alamu inakumbusha, haifundishi. Nikapiga picha kila kidonge nikaandika chini kwa herufi kubwa cha nini, kabla ya kula au baada, ukisahau ufanyeje. Siku hizi ananielezea mwenyewe, metfomini, ile ya sukari, inaenda na chakula, na hakuna kudabo dozi. Nyie je?

mama_wawili: Wa kwangu ana pumu. Video ya inhela tuliitazama weee mpaka tukaikariri na bado kifua kinabana. Nesi akasema mrekodi akivuta unitumie, akaona palepale mtoto anabonyeza kwanza ndo anavuta, dawa yote inaishia mdomoni. Tikisa, toa pumzi, bonyeza huku unavuta taratibu, bana pumzi hesabu mpaka 10. Tukarudia kurekodi mara nne hivi, ya mwisho nesi akajibu na dole gumba tu. Sasa mtoto ndo anamkosoa babu yake, naye ana inhela.

dirisha_la_dawa: Mi ndo natoa dawa. Mgonjwa akisema "nimeelewa" simwamini, mnisamehe, namwambia haya nieleze utamezaje. Kutwa mara tatu wengi wanameza asubuhi, mchana, saa 11 jioni, halafu usiku mzima hamna kitu, wakati antibayotiki ya 1x3 ni kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Alamu tunapanga wote hapohapo ila anabonyeza yeye, nikimbonyezea akifika nyumbani hajui hata kuizima.

kimya_kimya: Mimi natumia ARV na programu niliyopakua ilikuwa inaandika jina la dawa kwenye skrini, simu yenyewe nyumbani kila mtu anaishika. Nilikaribia kuifuta nikakosa kumeza siku mbili. Mshauri wangu akanionyesha kubadilisha maneno, sasa inaandika "mwagilia maua". Maua yenyewe sina lol

mama_wawili: 😂😂 na hakuna aliyeuliza maua yako wapi?

kimya_kimya: Dogo kauliza. Nimenunua chungu kimoja.