Mhariri amefuta "mapanki" akaweka "wahuni" kwenye hadithi yangu yote, na mwisho kaubadilisha bila kuniuliza

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina. Kama humu kuna mtu wa uchapishaji, nakuomba usome mpaka chini kabla hujaniambia nitulie.

Mwaka jana kuna wachapishaji hapa Dar walitangaza kwamba wanakusanya hadithi fupi. Jina lao siliweki, wenyewe wanajijua. Nikapeleka yangu, kurasa 19. Ikakubaliwa. Nikaitwa ofisini, nikasaini, nikaahidiwa kwamba kabla haijaenda mtamboni nitaletewa niipitie. Sikuletewa kitu. Jumamosi iliyopita kitabu kimezinduliwa, nikapewa nakala zangu mbili, nikapanda mwendokasi pale Morocco, nikabahatika kupata siti, nikafungua kwenye hadithi yangu. Kufika Magomeni mikono inatetemeka. Dada aliyekaa pembeni akaniuliza, "Kaka, umepata taarifa ya msiba?" Nilishindwa kumjibu.

Neno "mapanki" halipo tena. Kila lilipokuwa pamewekwa "wahuni". Nimehesabu kwa kalamu nyekundu, mara 43.

Niwaeleze hadithi yenyewe muone ubaya wa jambo hili. Inahusu mapanki waliokufa. Mapanki ni wale wa muziki wa punk: koti la ngozi, pini za nepi, minyororo, nywele zimesimama katikati ya kichwa kama kishungi cha jogoo. Vijana wa leo mnyoo ule wanauita kiduku. Lakini kila Mtanzania anajua mapanki ni kitu kingine pia. Ni mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, minofu ikishakatwa kule viwandani Mwanza ikapelekwa Ulaya, na sisi tukabaki na cha kukaanga. Hadithi nzima imesimama juu ya neno hilo moja. Mapanki wanafika ahera, karani wa mapokezi anauliza, "Nyie akina nani?" Wanajibu, "Sisi mapanki." Anaandika kwenye daftari kama alivyosikia. Na mapanki hupelekwa wapi? Soko la samaki. Basi ahera yao inakuwa Feri, soko la samaki la hapa Dar.

Wanaamka alfajiri wamebaki vichwa na miiba, makoti ya ngozi yamening'inia kwenye mbavu, wamelazwa juu ya meza za saruji. Dalali anawanadi. Hakuna anayewataka kwa sababu hawana nyama. Bei inashuka mpaka sifuri, inapita sifuri, dalali anaanza kudaiwa na kila mpita njia, na kesho yake asubuhi mnada unaanza upya. Kuna wanne wametoka New York, wote jina la ukoo moja, lakini hakuna hata wawili waliozaliwa na baba mmoja, na karani anakataa kuwaandika ndugu mpaka walete vyeti vya kuzaliwa. Kuna weusi na weupe wa Johannesburg ambao duniani ilikuwa kosa kulala nyumba moja, hapa wamelazwa meza moja na wanafurahi. Mchana akina mama wakaangaji wanawatia kwenye makarai. Mafuta yakichemka nywele zinasimama, wanaanza kuimba, na kila wakiimba samaki mmoja aliyekufa sokoni anaruka anarudi baharini.

Sasa soma hayo hayo uweke "wahuni". Karani anauliza, wanajibu, "Sisi wahuni," anaandika wahuni, halafu anawapeleka soko la samaki. Kwa nini soko la samaki? Hakuna sababu! Kwa nini wamekuwa mifupa? Hakuna sababu! Msomaji ataniona mimi ndiye nisiyejua ninachoandika, na jina langu ndilo liko pale juu.

Mwisho ndio umeniua kabisa. Kwenye hadithi yangu, wa mwisho kufika Feri ni kijana wa Temeke aliyenyolewa kabla ya kuzikwa. Kwenye kitabu chao kijana huyo "akashtuka kitandani, akamshukuru Mungu kwamba ilikuwa ndoto, akanyanyuka akaenda kwa kinyozi". Hiyo sentensi sijaiandika mimi. Sijui imeandikwa na mkono wa nani, ila iko chini ya jina langu.

Nitawaambia kwa nini inaniuma hivi. Kijana yule ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Alikuwa fundi spika Temeke. Zile honi za mchiriku na vigodoro, ngoma zetu za mtaani za kasi, zikipasuka zilikuwa zinaletwa kwake. Siku moja akanunua koti la ngozi la mtumba pale Karume, mgongoni limeandikwa RAMONES kwa rangi nyeupe, hajui ni kampuni, ni timu au ni nini. Akaenda kwenye kibanda cha intaneti kutafuta. Alirudi usiku hajala, anataka kuongea tu. Akaniambia Ramones ni bendi ya punk ya New York, ndio wale wanne wa kwenye hadithi, na albamu yao ya kwanza ya mwaka 1976 ina nyimbo 14 ndani ya dakika 29. "Mdogo wangu, hawa wanakimbia kama sisi," akasema, akiwa na maana ya mchiriku. Baadaye singeli ilipotoka huko Manzese na Tandale na kasi yake ile, akawa anatembea mtaani kifua mbele kama mtu aliyeshinda kesi. Wiki ile ile ya koti alinyoa kiduku, akakitia rangi ya kijani, ile ya kutilia mikeka. Hakuiba, hakuvuta, hakumtukana mtu. Akina mama wa mtaani walikuwa wanamwachia watoto akiwa kibandani kwake.

Alikufa kwa homa ya siku nne. Wajomba wakasema hatazikwa na kichwa cha jogoo. Kinyozi akaja na wembe kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Nywele zikawa zinaangukia kwenye gazeti, ncha bado zina kijani iliyopauka, karibu na ngozi nyeusi tii, zilikuwa zimeshaanza kuota upya. Mama mkubwa alikuwa chumba cha pili analia, hakuna aliyemuuliza. Mimi ndiye niliyeshika beseni la maji. Sikusema neno. Nimekaa na beseni lile miaka yote hii, na hadithi ndiyo ilikuwa njia yangu ya kumrudishia kaka nywele zake. Sasa wamemnyoa mara ya pili, na safari hii wamechapisha.

Nimempigia mhariri Jumatatu. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, punk ni mambo ya Wazungu walioshiba, kwetu haipo. La pili, vituko vya ahera si fasihi yetu, msomaji wetu anataka funzo.

Walioshiba? Mwaka 1979 kule Johannesburg, katikati ya ubaguzi wa rangi, kulikuwa na bendi ya punk inaitwa National Wake, weusi na Wazungu jukwaa moja, besi na ngoma zinapigwa na ndugu wawili weusi. Mwaka 1981 wakatoa albamu. Afrika hiyo, kusini kwetu hapo tu. Na kuhusu kunyoana, Desemba 2011 huko Banda Aceh, Indonesia, polisi walivamia tamasha wakakamata mapanki zaidi ya 60, wakawanyoa vipara, wakawaogesha ziwani, wakawaweka kwenye mafunzo ya kuwarekebisha. Niliona picha zile nikiwa na kaka. Alizitazama akanyamaza, akajishika kichwa. Hatukujua kwamba zamu yake inakuja.

Na hilo neno "wahuni" mhariri hakulitoa hewani. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza kutekeleza Operesheni Vijana hapa hapa mjini. Sketi fupi marufuku, mawigi marufuku, suruali za kubana marufuku. Mama mkubwa alikuwa msichana wa Ilala wakati ule, na mpaka leo anasimulia alivyokuwa anakunja sketi kwenye mfuko wa kitenge ili aivae akishafika ndani ya nyumba ya shoga yake. Aliitwa mhuni kwa kipande cha nguo. Mwanawe akaitwa mhuni kwa nywele. Mimi nimeandika kurasa 19 ambazo ndani yake hakuna mtu hata mmoja anayeitwa mhuni, na hilo nililifanya makusudi, nilikuwa nachunga kila sentensi. Mtu ameketi ofisini akaliingiza mara 43.

Eti vituko si vyetu. Shaaban Robert alituwekea nchi nzima ikielea angani, Kusadikika, mwaka 1951. Kezilahabi katika Nagona, 1990, hata ukitafuta hadithi ianzie wapi iishie wapi huipati, na bado tunaisoma na kuifundisha. Na hao ni wa vitabuni. Bibi zetu walitulaza na mazimwi yanayomeza kijiji na mifupa inayoimba mpaka muuaji anajulikana. Mifupa inayoimba, mhariri! Umeilalia utotoni kwenu, leo ukiiona imevaa koti la ngozi unasema ya Wazungu.

Ninachotaka ni hiki. Sitaki hela. Nataka nakala ambazo hazijauzwa zisimamishwe, na toleo likirudiwa hadithi irudi kama ilivyokuwa, neno kwa neno. Wakishindwa, waitoe kabisa pamoja na jina langu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwandishi haki ya kukataa kazi yake kupotoshwa. Wiki ijayo naenda COSOTA, wale wa hakimiliki, na barua yangu, na mswada wa kwanza ninao, una tarehe. Kama kuna mwanasheria humu au mwandishi aliyewahi kufanyiwa hivi, anielekeze pa kuanzia. Na kama umeshakinunua kitabu, tafadhali usinihukumu kwa mwisho ule.

Nyongeza, saa nne usiku: Kuna wadau watatu wameomba niweke mwisho wenyewe. Huu hapa, kama nilivyouandika:

"Karani akamtazama kijana wa Temeke, kichwa kinang'aa, akasema huyu si panki, hana alama. Mapanki wakashuka kwenye meza za saruji mmoja mmoja. Mkubwa wao, aliyebaki kichwa na uti, akauchomoa uti wake wa mgongo kama mtu anavyovua mkanda, akamsimamishia kijana katikati ya utosi. Mwiba wa kwanza ukashika, wa pili ukashika, mpaka kisogoni. Haikuuma. Kijana akapapasa kwa kiganja, akakuta yote imesimama. Karani akafunua daftari upya. 'Jina?' 'Panki.' 'Umetoka wapi?' 'Temeke.' 'Nani alikunyoa?' Kijana akawatazama akina mama na makarai yao, akaitazama pantoni ya Kigamboni inavyoondoka na watu, akasema, 'Usiandike aliyeninyoa. Andika zimeota.'"